Jicho la Bunge na Nauli ya Mwananchi

Mkazi wa Dar es Salaam hutoa nauli mara nyingi kuliko fedha nyingine yoyote mfukoni mwake. Huitoa alfajiri akienda kazini, huitoa jioni akirudi, na siku ya mazishi huitoa mara nne. Fedha hiyo anaiona kwa macho yake ikiingia mkononi mwa kondakta, na akipunjwa chenji hupiga kelele gari zima lisikie. Lakini iko shilingi nyingine ya usafiri ambayo haioni. Imo ndani ya bei ya petroli na dizeli, ambamo hukatwa tozo ya Mfuko wa Barabara. Imo ndani ya bei ya bidhaa zinazotoka nje, ambazo tangu 2015 nyingi zimetozwa ada ya kuendeleza reli. Shilingi hii ya pili ndiyo hujenga madaraja, hununua ndege na kulaza reli. Akipunjwa hapo, mwananchi hapigi kelele, kwa kuwa hajui kama amepunjwa. Inambidi awepo mtu wa kuuliza kwa niaba yake.

Katiba yetu ya 1977 imemtaja mtu huyo. Ibara ya 63 inasema kwamba Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara ya 96 inaliruhusu Bunge kuunda kamati, kwa sababu watu mia tatu na zaidi hawawezi kukaa wote pamoja wakasoma stakabadhi. Ibara ya 143 imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa yake hupitia kwa Rais kabla ya kufikishwa Bungeni. Hizo ndizo nguzo tatu. Ninachotaka kukieleza hapa ni namna nguzo hizo zilivyobeba, na mahali pengine zilivyoshindwa kubeba, mambo ya usafiri katika miaka ambayo mimi mwenyewe nimeishi.

Mimi si mwanasiasa. Nilisomea ualimu Chang'ombe, Temeke, katika chuo ambacho tangu 2005 kimekuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Nimefundisha, na nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Kinondoni. Sasa nimevuka miaka sabini. Hata hivyo, kuhusu kamati nadhani ninajua kitu kidogo. Kila shule ya msingi ina kamati yake ya wazazi, na mwalimu mkuu ni katibu wa kamati hiyo, wala si mwenyekiti wake. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002, fedha za ruzuku na ujenzi ziliteremshwa hadi shuleni, na kamati hizo zikawa na kazi kweli kweli. Nakumbuka mzee mmoja, fundi cherehani, ambaye kila kikao alitaka kwanza kwenda uani kuzihesabu mbao kabla hazijaguswa na randa. Wenzake walimcheka. Mimi nilimheshimu. Swali linaloulizwa mbao zingali uani huokoa fedha, na likiulizwa baada ya dawati kuvunjika huwa la kutafuta wa kulaumiwa. Kipimo hicho cha mzee yule ndicho nitakachokitumia.

Tuanze na zamani. Kamati ya kukagua hesabu za Serikali si uvumbuzi wetu. Waingereza waliiunda yao 1861, enzi za Gladstone akiwa waziri wa fedha, na makoloni yakairithi pamoja na majoho na rungu la Spika. Bunge letu lilipokutana Karimjee baada ya Uhuru, mila hiyo ilikuwapo. Lakini mambo mawili yalikuja kuidhoofisha. La kwanza, kuanzia 1965 tulikuwa na chama kimoja, na 1975 Katiba ikarekebishwa ili Chama kiwe na madaraka ya juu kuliko vyombo vingine vyote, Bunge likiwemo. Mbunge aliyemhoji Waziri kwa ukali alikuwa anamhoji mkubwa wake ndani ya Chama. La pili, katika miaka hiyo hiyo usafiri ulihamia mikononi mwa mashirika ya umma. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa 1970, na 1974 tukapata UDA kwa ajili ya jiji na KAMATA kwa safari za mikoani. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa 1976. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, tukalazimika kuunda kwa haraka Shirika la Reli, Shirika la Ndege na Mamlaka ya Bandari. Kwa hiyo vitu vya kusimamiwa viliongezeka wakati ule ule ambapo sauti ya msimamizi ilikuwa imepungua.

Matokeo yake hatukuyasoma magazetini. Tuliyaona vituoni. Mabasi ya Ikarus ya UDA, yale marefu yenye kiungo katikati, yalipokuwa mapya yalikuwa fahari ya jiji. Vipuri vilipoadimika, yakaanza kulala gereji moja baada ya jingine. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, nauli ikiwa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, magari nayo yakaitwa daladala. Yalituokoa, hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa shule, ambaye nauli yake ilikuwa pungufu, akawa mzigo usiotakiwa na kondakta. Wanafunzi wangu walifika saa nne, wengine wakiwa na sare zilizochanika kwa kugombea mlango. Niliandika barua kwa ofisi iliyohusika, nikaeleza idadi ya watoto, kituo na saa. Sikujibiwa. Nilijiuliza mara nyingi: kama ofisi hii hainijibu mimi, ni nani ambaye itamjibu?

Jibu la kikatiba ni kwamba ilipaswa kumjibu Waziri, na Waziri alijibu Bunge. Lakini hadi kufika miaka ya 1990 mnyororo huo ulikuwa na kutu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, mali ya Shirika la Reli, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia ya Watanzania wakapotea. Uchunguzi ulifanywa na tume iliyoundwa na Rais, chini ya Jaji Robert Kisanga. Tume ilikuwa ya lazima. Lakini tume huja baada ya msiba. Kazi ya kuuliza meli ina umri gani, imekarabatiwa lini, na nani anahesabu abiria gatini, ni kazi ya kila mwaka, na hiyo ndiyo kazi ya kamati ya Bunge. Mbao hazikuhesabiwa zikiwa uani.

Mfumo wa vyama vingi ulioanza 1992 uliirudishia kamati nguvu, ingawa taratibu. Mageuzi yaliyoonekana zaidi yalikuja katika Bunge la 2005 hadi 2010, Spika akiwa Samuel Sitta. Mwaka 2006 Serikali iliunda Wizara ya Miundombinu, na Bunge likawa na Kamati ya Miundombinu. Jambo la kupendeza ni kwamba wizara imegawanywa na kuunganishwa mara kadhaa tangu hapo, ikawa Ujenzi mbali na Uchukuzi 2010, ikaunganishwa tena 2015, ikatengwa tena 2023, lakini jina la kamati limebaki lile lile. Waziri na katibu mkuu huhama, na mafaili huhama nao. Mahali ambapo kumbukumbu za ahadi zinaweza kukaa bila kuhamishwa ni ndani ya kamati, iwapo kamati itapenda kuzitunza.

Bunge hilo ndilo lililothubutu kuyashika mambo mawili makubwa ya uchukuzi. Kwanza ni kitengo cha makontena katika Bandari ya Dar es Salaam. Kampuni ya TICTS ilikodishiwa kitengo hicho 2000 kwa miaka 10, na kabla muda haujaisha mkataba ukaongezwa miaka 15 zaidi. Mwaka 2008 mbunge Godfrey Zambi alipeleka hoja binafsi, na Bunge likataka nyongeza hiyo itazamwe upya. Pili ni reli. Mwaka 2007 reli yetu ya kati ilikodishwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, yenye asilimia 51 ya hisa, kwa miaka 25. Haikufika miaka 25. Mishahara ilichelewa, wafanyakazi waligoma, mizigo ilipungua, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu njia huko Kilosa. Mpaka 2011 Serikali ilikuwa imeichukua tena reli yake. Shirika la Ndege lilikuwa limekwisha kupita njia kama hiyo: liliingia ubia na Shirika la Ndege la Afrika Kusini 2002, ubia ukavunjika 2006.

Hapa msomaji atauliza: wabunge walikuwa wapi mikataba hiyo ikitiwa saini? Jibu ni kwamba sheria haikuwaweka mezani. Chini ya Ibara ya 63, mkataba unaohitaji kuridhiwa na Bunge ni ule wa nchi na nchi. Mkataba wa Serikali na kampuni ni jambo la Serikali. Ndiyo maana nyongeza ya TICTS ilipita bila kura ya Bunge, ilhali makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari yaliletwa Bungeni na kuridhiwa tarehe 10 Juni 2023, kwa kuwa yalikuwa baina ya serikali mbili. Taifa zima lilibishana mwaka ule, misikitini, makanisani na kwenye vijiwe vya kahawa. Wengine walichukizwa na ubishi huo. Mimi, kama mwalimu, niliona darasa limeamka. Bora wananchi wabishane karatasi ikiwa mezani kuliko wanong'one miaka kumi baadaye.

Mwaka 2008 pia iliundwa Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe wa upinzani. Kwa mara ya kwanza wakurugenzi wa mashirika waliingia chumba cha kamati wakiwa na hofu ya mtihani. Mwaka 2011, habari za kuuzwa kwa hisa za UDA, lile shirika la mabasi yetu, ziliibua mjadala mkali Bungeni. Na Aprili 2012 taarifa za Mkaguzi Mkuu na za kamati ziliwaka moto kiasi kwamba mwezi Mei Rais Kikwete alibadilisha Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri kadhaa, akiwemo wa Uchukuzi. Aliyepewa Uchukuzi alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mtu aliyeongoza Kamati Teule ya Bunge juu ya umeme wa Richmond 2008. Aliyekuwa akiuliza akawa mwenye kuulizwa. Oktoba mwaka huo huo ikaanza treni ya abiria ndani ya jiji, ambayo watu hawakuiita kwa jina la shirika bali waliiita treni ya Mwakyembe. Sina hakika kama mawaziri wote wangefaa kwanza wapitie kwenye kamati, lakini aliyewahi kudai stakabadhi hujua thamani ya kuitunza.

Sasa niliseme lile ambalo kwangu mimi mwalimu ndilo lenye uzito kuliko yote, yaani rada. Tanzania ilinunua mtambo wa kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Wengi walisema wakati ule kwamba bei ilikuwa kubwa mno, na Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, aliipinga ndani ya serikali yake mwenyewe. Baadaye wachunguzi wa Uingereza walifuatilia malipo yaliyopitia kwa wakala. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark, London, kampuni ilitozwa faini ya pauni 500,000. Kosa ililolikiri ni la daftari, kwamba haikuweka kumbukumbu sahihi za hesabu. Chini ya makubaliano na waendesha mashtaka ilikubali pia kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5.

Fedha hazikuja mara moja. Hapo ndipo kazi ya kamati ilipoonekana. Mwaka 2011 ujumbe wa wabunge wetu, ukiongozwa na Naibu Spika wa wakati ule, Job Ndugai, ulikwenda London kudai. Nayo Kamati ya Maendeleo ya Kimataifa ya Bunge la Uingereza iliwaita wakubwa wa kampuni, ikawaketisha na kuwauliza hadharani kwa nini wanachelewa. Mwaka 2012 fedha zikalipwa, na ikaamuliwa ziende kwenye elimu ya msingi: vitabu, madawati na mahitaji mengine ya shule. Watanzania, ambao hawakosi neno, waliziita chenji ya rada.

Naomba tulitafakari neno hilo. Chenji ni kile unachorudishiwa ukiwa umelipa zaidi ya bei. Watoto waliosoma kitabu kile hawakujua kwamba walikuwa wanasoma nauli iliyozidi. Shule nilizozijua zilikuwa na kitabu kimoja kwa watoto watano, na wakati mwingine kwa watoto kumi. Vitabu vile vilikuwa vimelipiwa tangu zamani, na kodi za wazazi wao, ila vilikwenda kwanza kuzunguka Ulaya. Nafurahi kwamba vilirudi. Lakini si kamati yetu iliyozuia ununuzi ule usifanyike kwa bei ile. Na iliyowakalisha wakubwa wa kampuni kwenye kiti cha maswali ilikuwa kamati ya nchi nyingine. Usimamizi wa namna hiyo ni wa bahati, na taifa halipangi bajeti yake kwa bahati.

Kwa msomaji asiyefuatilia, ni vizuri kujua mwaka wa kamati unavyokwenda. Tangu 2013 bajeti hupitishwa kabla ya Juni 30, na si baada ya mwaka wa fedha kuanza kama ilivyokuwa zamani. Kwa hiyo kabla ya mkutano wa Aprili, Kamati ya Miundombinu hutembelea miradi, hukagua iwapo fedha zilizopitishwa mwaka uliotangulia zilitolewa kweli na Hazina, kisha huipitia bajeti mpya ya wizara. Waziri husoma hotuba yake, na mwenyekiti wa kamati husoma maoni. Baada ya mjadala Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupita kifungu kwa kifungu. Mbunge asiyeridhika hutangaza kwamba atashika shilingi ya mshahara wa Waziri. Wengi hucheka wakisikia hivyo, wakidhani ni mzaha. Si mzaha. Ni njia ya zamani ya kusema: hupati hata senti mpaka unijibu. Tatizo ni kwamba shilingi hiyo hushikwa kwa dakika chache tu na kuachiwa jioni ile ile, maana muda ukiisha vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo.

Kisha kuna kamati nyingine mbili. Kamati ya Hesabu za Serikali husoma taarifa ya Mkaguzi Mkuu, na Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma hutazama kama mashirika yanarudisha faida kwa fedha tulizoyapa. Kati ya hizo tatu, ile ya Miundombinu huuliza mapema na ile ya Hesabu huuliza baadaye. Zote zahitajika. Lakini ya mapema ndiyo inayoweza kuokoa fedha, na ndiyo yenye karatasi chache, kwa kuwa wizara huleta inachotaka kionekane.

Udhaifu upo, na si haki kuuficha. Wabunge walio wengi hutoka chama kinachounda Serikali, na Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti yake. Mbunge anayejua hivyo hufikiri mara mbili. Januari 2016 ilitangazwa kwamba matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge yangesitishwa katika televisheni ya Taifa, nasi wazee wenye redio na muda wa kusikiliza tukabaki na muhtasari. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, kwa sababu ya neno lake kuhusu udhaifu wa Bunge, na Novemba mwaka huo akaondoka katika nafasi hiyo. Yalitokea katika miaka ile ile ambayo nchi ilikuwa inatumia fedha nyingi sana katika uchukuzi: ndege mpya, na reli ya kisasa iliyoanza kujengwa 2017. Msimamizi akigombana na mkaguzi, anayepumua ni mwenye kukaguliwa.

Wala sisemi kwamba fedha hizo zilipotea. Reli ya kisasa ipo. Juni 2024 ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro, na Julai kwenda Dodoma, na nimewaona watu wa rika langu wakishuka hawana vumbi. Hapa Kinondoni, mabasi yaendayo haraka yalianza Mei 2016, na tawi moja linapita Barabara ya Kawawa kutoka Magomeni hadi Morocco. Mtu wa Mkwajuni anafika mjini kwa muda ambao zamani alikuwa bado anagombea mlango. Lakini karakana ya mabasi hayo iliwekwa Jangwani, bondeni kwa Mto Msimbazi, na maji yamekwisha kuyaharibu mabasi mle. Kila mtoto wa Kinondoni anajua kwamba Jangwani hujaa maji masika. Hilo ni swali ambalo halikuhitaji mhandisi. Lilihitaji mjumbe mmoja wa kwenda uani kabla ya randa.

Kwa maoni yangu, dawa yake haihitaji sheria nyingi mpya. Mikataba mikubwa ya bandari, reli na ndege ipelekwe kwenye kamati kabla ya saini, hata kama itasomwa kwa faragha. Maoni ya kamati ya mwaka jana yasomwe kwanza, na Waziri aseme lipi ametekeleza, kama tunavyosahihisha kazi ya nyumbani kabla ya kuanza somo jipya. Na sisi wapiga kura tukikutana na mbunge wetu kwenye harusi na misiba, tusimwombe mchango tu. Tumuulize yumo katika kamati gani, na mara ya mwisho aliuliza nini. Mbunge anayeulizwa naye hujifunza kuuliza, na wajukuu wetu, walio vituoni saa kumi na mbili asubuhi na madaftari yao kwapani, hawana njia nyingine ya kumfikia Waziri.